Kutoka Ufa wa Jiwe hadi Dirishani: Historia ya Ua la Usambara

Mmea mmoja mdogo, wenye majani ya mviringo yaliyofunikwa na manyoya laini na maua ya samawati iliyoelemea zambarau, umeuzwa kwa mamilioni Ulaya na Marekani. Wengi wanaoununua hawajui kwamba porini hauoti popote duniani isipokuwa Tanzania na kusini mashariki mwa Kenya. Wataalamu wa mimea waliupa jina la Saintpaulia, Wajerumani wakauita kwa jina la milima ya Usambara, na wanaozungumza Kiingereza wakauita violeti ya Afrika, ingawa hauna undugu wowote na violeti. Hapa nitauita ua la Usambara. Malalamiko ya wanaoufuga ndani ya nyumba ni yaleyale kila mahali: ulinunuliwa ukiwa umechanua, ukapewa maji kwa moyo mkunjufu, kisha majani yakalegea, kitovu kikaoza, ukafa. Maelezo yanayotolewa ni kwamba huu ni mmea wa msituni, kwa hiyo unataka maji mengi, na tena ni dhaifu. Naamini historia yake inayakanusha maelezo hayo yote mawili. Tangu ulipotolewa Tanga mwishoni mwa karne ya 19, kila hatua ya mafanikio ilikuwa hatua ya kuurudisha karibu na mahali ulipozaliwa, yaani ufa wa jiwe lililo kivulini: udongo kiduchu, mizizi inayopumua, na hewa yenye unyevu kuzunguka majani. Kushindwa nako kulitokana na jambo moja, kuutendea kama mche wa bustanini.

Tuanze na ushahidi wa mwanzo. John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza Zanzibar na mtaalamu wa mimea, alipeleka sampuli kwenye bustani ya Kew huko London mwaka 1884. Mwaka 1887 akafuata mmisionari W. E. Taylor wa Mombasa, yule aliyekusanya methali za Kiswahili. Sampuli hizo zilikuwa zimekaushwa na hazikutosha kuutambulisha mmea rasmi, zikabaki kabatini. Aliyefanikiwa ni Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani huko Tanga, ambaye naye alikuwa mtu wa Kiswahili. Mwaka 1890 alikuwa amechapisha kitabu cha kufundishia lugha hii. Yeye alimpelekea mmea baba yake, Ulrich, aliyekuwa akiishi Fischbach huko Silesia na kupenda bustani. Baba akamkabidhi Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, na mwaka 1893 Wendland akauandika rasmi kwa jina la Saintpaulia ionantha kwa heshima ya familia hiyo. Mwaka huohuo ukaonyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya maua mjini Ghent, Ubelgiji, na ukawa gumzo. Nyumba ya mbegu ya Ernst Benary mjini Erfurt ikachukua jukumu la kuuza mbegu zake, ambazo ni ndogo kama vumbi.

Taarifa za mazingira ya mmea zilizotoka kwa Saint Paul mwenyewe ndizo zilizopaswa kusomwa kwa makini zaidi, na ndizo zilizopuuzwa kwa muda mrefu. Alitaja sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa mwendo wa kama saa moja kutoka mji wa Tanga, mahali pa chini penye miti, ambapo mmea uliota katika nyufa za miamba ya chokaa na kwenye udongo uliojaa majani yaliyooza. Ya pili ilikuwa ndani ya msitu wa Usambara, kwenye kimo cha futi 2,500 hivi, juu ya miamba migumu ya mlimani. Kwenye ile ya kwanza ndiko ulikopatikana kwa wingi. Tuupime ufa wa mwamba wa chokaa kama makazi. Mvua ikinyesha, maji hupita na kwenda zake, hakuna dimbwi. Udongo ni vijiko vichache vya majani yaliyooza na vumbi la jiwe, kwa hiyo mizizi yake, myembamba kama nywele, hujitandaza juujuu na hupata hewa wakati wote. Hewa nayo hupozwa na jiwe, na kwa kuwa miti imefunga juu, unyevu wake haukimbizwi na jua wala upepo. Kiangazi kikija, mmea huishi kwa maji uliyoyaweka ndani ya majani yake manene, huku manyoya yakipunguza maji yanayopotea. Kwa hiyo unyevu unaoutaka mmea huu uko hewani. Kwenye mizizi unataka kiasi kidogo tu, na kiwe kinapita. Anayemwagia chungu maji kila siku kwa sababu "ni wa msituni" anaupa mahali pasipofaa kitu unachokitaka mahali pengine.

Sasa tuje kwenye miaka ambayo waandishi wengi huiruka. Kati ya Ghent mwaka 1893 na miaka ya 1920, mmea huu ulijulikana, mbegu ziliuzwa, picha yake ilichapishwa katika jarida maarufu la Curtis's Botanical Magazine mwaka 1895, na George Stumpp, muuza maua wa New York, alikuwa ameufikisha Marekani mwaka 1894. Lakini haukuingia majumbani. Ulibaki kwenye nyumba za vioo za bustani kubwa na za matajiri. Kama mbegu zilikuwepo na sifa zilikuwepo, kilichokosekana ni nini? Jibu langu ni hewa ya nyumba. Nyumba za mijini Ulaya na Marekani wakati ule zilipashwa joto kwa makaa ya mawe sebuleni na zilikuwa baridi kali usiku, wakati ua la Usambara hustawi kati ya nyuzi 18 na 24 za Selsiasi na huumia joto likishuka sana. Tena ziliangaziwa kwa taa za gesi. Mwaka 1901 mwanasayansi wa Urusi, Dimitry Neljubow, alionyesha kwamba ethilini iliyomo katika gesi ya taa ndiyo iliyopotosha ukuaji wa miche ya njegere maabarani. Katika vyumba vya namna hiyo mmea uliotamba ni aspidistra, wenye majani magumu unaovumilia giza, vumbi na gesi.

Kwamba tatizo lilikuwa hewa, watu wa Ulaya wenyewe walikuwa na ushahidi tangu zamani. Mnamo 1829 daktari Nathaniel Bagshaw Ward, aliyekuwa akiishi sehemu ya London iliyojaa moshi, aliona kangaga likichipua ndani ya chupa iliyofunikwa, ilhali makangaga ya bustanini kwake yalikuwa yakifa. Mwaka 1833 alisafirisha masanduku mawili ya vioo yenye mimea hadi Sydney, ikafika hai. Kitabu chake kuhusu jambo hilo kikatoka mwaka 1842. Ndani ya sanduku lake maji yaliyotoka majanini yaligeuka matone kwenye kioo na kurudi chini, na moshi haukuingia. Masanduku hayo yalibadilisha biashara ya mimea ya dunia nzima. Lakini kwa mfugaji wa maua somo lake lilikuwa dogo na la maana: mmea wa msitu wenye unyevu huweza kuishi London endapo kipande kidogo cha hewa kinachouzunguka kitafanana na cha kwao.

Mabadiliko yalipokuja, yalikuja kwa pamoja. Umeme uliondoa gesi, na mifumo ya kupasha joto nyumba nzima iliondoa baridi ya usiku. Mwaka 1926 kampuni ya Armacost & Royston ya Los Angeles iliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, ikaotesha maelfu ya miche na kuchagua kumi tu iliyo bora, ukiwemo ule uliopewa jina la Blue Boy. Kutoka kwenye kizazi hicho zilizaliwa aina nyingi zilizofuata, pamoja na zile za rangi ya waridi za mwanzoni mwa miaka ya 1940. Mwaka 1938 taa ndefu za fluoresenti zilianza kuuzwa Marekani, nazo zikatoa mwanga mwingi usio na joto kali, unaofaa mmea uliozoea kivuli. Wafugaji wakaanza kujaza rafu za maua hadi kwenye vyumba vya chini ya ardhi visivyo na dirisha hata moja. Mwaka 1946 wapenzi wa ua hili walikutana kwenye maonyesho mjini Atlanta na kuunda chama chao cha kitaifa, ambacho kipo hadi leo.

Hata hivyo joto lilikuja na adhabu yake. Hewa ya baridi ya nje ikiingizwa ndani na kupashwa joto hukauka mno, na katika majira ya baridi unyevu wa ndani huweza kushuka chini ya asilimia 30, wakati mmea huu hufurahia 50 au zaidi. Hapo ndipo zilipoenea mbinu ambazo leo kila mwongozo unazirudia: sinia la kokoto lililotiwa maji, chungu kikikaa juu ya kokoto bila kugusa maji, vyungu kuwekwa karibukaribu ili kila mmea unufaike na mvuke wa jirani, na utambi uliopitishwa chini ya chungu, ukivuta maji kutoka kopo la chini kidogokidogo. Mbinu hizi hazina nguvu sawa. Sinia la kokoto huongeza unyevu kidogo tu katika chumba kikubwa, na anayedhani limemaliza kazi atasikitika. Utambi unafanya kazi nyingine kabisa, maana unaangalia mizizi. Huipa maji kwa kiasi kisichopungua wala kuzidi, mradi udongo wenyewe ni mwepesi. Ukitia utambi kwenye udongo mzito, umeunda kinamasi.

Udongo ndio sehemu ya mwisho ya historia hii kurekebishwa, na kwa maoni yangu ndiyo iliyookoa mimea mingi zaidi. Kwa muda mrefu kila bustani ilikuwa na mchanganyiko wake wa siri wa udongo wa shamba, samadi na mchanga. Katika miaka ya 1930 taasisi ya John Innes ya Uingereza ilitengeneza mchanganyiko wenye vipimo maalumu, lakini msingi wake bado ulikuwa udongo halisi. Katika miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Cornell huko New York kilisambaza mchanganyiko usio na udongo kabisa: piti, ambayo ni mboji ya vinamasi vya nchi za baridi, pamoja na vemikulaiti au perlaiti, yaani madini yaliyochomwa yakatutumka na kujaa hewa. Wafugaji wa ua la Usambara waliupokea kwa mikono miwili. Mchanganyiko huo ni mwepesi, hushika unyevu bila kutuama maji, na una virutubisho vichache. Ndivyo ulivyo pia uchafu mweusi uliomo katika ufa wa jiwe karibu na Tanga. Ilichukua zaidi ya miaka 60 kurudi kwenye jambo ambalo Saint Paul alikuwa amelitaja tangu mwanzo.

Kuhamisha mmea kwenye chungu kipya kunaonyesha hoja hii kwa karibu zaidi. Kadiri ua la Usambara linavyokua, majani ya chini huzeeka na kuanguka, na shina huachwa wazi likiwa na makovu. Wafugaji huliita shingo. Kila baada ya miezi 6 hadi 12 mmea hutolewa chunguni, udongo wa zamani hutikiswa polepole, na kama shingo imerefuka, sehemu ya chini ya donge la mizizi hukatwa kwa kisu kwa urefu uleule wa shingo. Shingo yenyewe hukwanguliwa ngozi yake kidogo, mmea ukashushwa hadi majani ya chini yakaribie ukingo wa chungu, kisha udongo mpya mwepesi ukamiminwa pembeni bila kushindiliwa. Mizizi mipya hutoka palepale palipokwanguliwa. Porini shingo hiyo hujilaza juu ya jiwe na kutia mizizi inapogusa uchafu. Chunguni haina pa kujilaza, ndiyo maana mkono wa mtu huizika. Chungu hakitakiwi kuwa kikubwa. Upana wake uwe kama theluthi moja ya upana wa majani, kwa hiyo mmea uliotandaza majani sentimita 30 hukaa kwenye chungu cha sentimita 10. Anayeuonea huruma na kuupa chungu kikubwa huuzungushia udongo ambao mizizi haiufikii, udongo huo hubaki umelowa, na kuvu ya kuozesha mizizi huanzia hapo. Baada ya kuhama, mmea hufunikwa kwa mfuko wa plastiki angavu wiki moja au mbili, kwa sababu mizizi iliyokatwa haiwezi kulisha maji majani yote. Hilo ni sanduku la Ward, kwa bei ya mfuko.

Kuna pingamizi moja zito. Mtu atasema kwamba maua yanayouzwa leo yametoka mbali mno na yale ya miambani: yana petali zilizorundikana, rangi nyeupe na za waridi, kingo za mikunjo. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Holtkamp ya Isselburg, Ujerumani, ilisambaza aina za Rhapsodie ambazo maua yake hayadondoki upesi, na mmea ukaweza kusafirishwa na kupangwa dukani kama bidhaa. Je, basi sifa si za wazalishaji, na makazi ya asili hayana umuhimu tena? Nakubali sehemu ya hoja hii. Bila uchaguzi ule wa Los Angeles na kazi ya Wajerumani, ua hili lisingefika kwenye madirisha ya watu wa kawaida. Lakini tuangalie walichokibadilisha. Walibadilisha ua, umbo la jani na uimara wa kikonyo. Mizizi bado ni ileile myembamba inayokufa kwa kukosa hewa, na jani bado hupata mabaka ya duara likidondokewa na maji yaliyo baridi kuliko lenyewe. Tena wazalishaji wenyewe hawakuacha kurudi porini. Aina zinazotambaa na kuning'inia zilipatikana kwa kutumia damu ya zile za porini zenye shina refu, kama grotei ya Usambara Mashariki, na zile ndogo kabisa zilipata udogo wao kwa sehemu kutoka shumensis, iliyopewa jina la Shume huko Lushoto. Wataalamu wamebishana juu ya idadi yake: katika karne ya 20 zilihesabiwa spishi kama 20, mwaka 2006 zikapunguzwa hadi 6, na mwaka 2015 kundi zima likaingizwa ndani ya Streptocarpus. Ubishi huo haukugusa ukweli kwamba tofauti zote hizo, kuanzia Uluguru na Nguru hadi Taita na Kilifi, ni hazina ya mwambani.

Pingamizi la pili hutoka kwetu wenyewe: hayo yote ni matatizo ya nchi za baridi, sisi wa pwani tuna unyevu wa kutosha. Ni kweli, kwa Tanga, Mombasa au Dar es Salaam hewa peke yake inatosha karibu mwaka mzima, na sinia la kokoto ni kazi bure. Ila kuna nyumba zenye kiyoyozi kinachokausha chumba mchana kutwa, na kuna Nairobi na Arusha zenye majira makavu na usiku wa baridi. Zaidi ya hapo, kosa letu kubwa liko chini. Tunachota udongo mwekundu wa uani, tunaujaza kwenye kopo la rangi lisilotobolewa, tunamwagia maji. Dawa yake haihitaji kuagizwa ng'ambo. Makumbi ya nazi yaliyosagwa na kuoshwa chumvi, yakichanganywa na mchanga mnene wa mtoni na mboji ya majani iliyochekechwa, yanafanya kazi iliyofanywa na piti na perlaiti, na piti yenyewe sasa inalaumiwa Ulaya kwa sababu uchimbaji wake unaharibu vinamasi. Nchi iliyotoa mmea huu ina makumbi kwa malori. Sioni sababu ya vitalu vyetu kutouotesha kwa wingi na kuuza.

Kuhusu faida, Tanga haikupata kitu katika biashara hii. Mkataba wa Bioanuwai wa mwaka 1992 na Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 vimeweka kanuni za kugawana manufaa ya viumbe vya asili, lakini mbegu za Benary zilikuwa zimeshaondoka karibu karne nzima kabla. Madai ya fidia sidhani kama yatafika popote. Yanayotuhusu zaidi ni yale mawe. Usambara Mashariki ilikatwa magogo kwa mashine katika miaka ya 1970 na 1980, na iliki ililimwa chini ya miti kwa kufyeka vichaka, hadi Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilipotangazwa mwaka 1997 ikiwa na hekta zaidi ya 8,000. Mti unaofunika mwamba ukiangushwa, si lazima mtu aliguse ua: jua hulipiga jiwe, hewa hukauka, na mmea hufa kwa sababu ileile inayoliua lile la dirishani. Baadhi ya aina huishi kwenye magenge machache tu, na genge moja likiungua aina nzima huweza kupotea.

Kwa hiyo ukifika Amani, Amboni karibu na Tanga au Mbololo huko Taita ukaliona limechanua ufani, usiling'oe. Huna haja nalo. Jani moja lenye kikonyo, likiombwa kwa jirani anayelifuga na kuchomekwa kwenye mchanga wenye unyevunyevu chini ya kifuniko angavu, hutoa miche kadhaa ndani ya miezi miwili au mitatu.